Unaosha AC Malindi? Hii ndiyo karatasi itakufungulia geti la hoteli

Kama unaishi Muyeye unajua vile mambo hukuwa. Asubuhi simu inalia, ni mtunza nyumba wa jumba fulani la Mtaliano kule Casuarina, AC sita zinavuja maji. Unabeba ngazi na ndoo, unapanda boda, unaosha, unalipwa, unarudi mtaa. Wiki ijayo simu imenyamaza. Halafu unaskia hoteli kubwa inatafuta fundi wa AC. Unaenda mbio, na pale getini hakuna anayekuuliza kama unajua kazi. Swali ni moja tu: "Uko na karatasi?"

Hapo ndipo wasee wengi hukwama. Na ukikwama, unaingia kwa simu unapata tangazo la kozi ya mtandaoni ya kusafisha mabomba ya hewa, lipa kwa dola, cheti kesho asubuhi. Kabla utume hiyo doo, ngoja kidogo.

Cheti cha Marekani ni cha nini?

Marekani, nyumba nyingi hupitisha hewa kwa mabomba makubwa ya bati yaliyofichwa darini. Kuyasafisha ni mboka kamili, na chama kinaitwa NADCA, kilichoanza 1989, hutoa cheti cha ASCS baada ya mtihani. Hicho ni cheti halali, si cha wakora. Shida ni kwamba AC nyingi unazoosha hapa Malindi ni za split: boksi moja ndani, lingine nje, bomba la hewa hakuna. Ukimletea meneja wa hoteli cheti cha kitu ambacho hana, umechoma ganji bure.

Anza na NITA

Hapa Kenya, karatasi ya kwanza ya fundi wa mkono ni mtihani wa NITA, ile mamlaka ya serikali ya mafunzo ya viwandani. Kuna mtihani wa friji na AC, na unapanda ngazi: Grade III, halafu II, halafu I. Wanakupima kwa vitendo na nadharia, kwa hivyo hata kama ulijifunzia jua kali kwa fundi wa mtaa, mlango uko wazi. NITA iko na kituo Mombasa. Enda mwenyewe, uliza tarehe na ada pale pale, na ulipe kwa njia rasmi, si kwa namba ya "bro anayejua mtu ndani". Cheti cha kununua ni jinai, na siku kikishtukiwa, kazi na jina vinaenda pamoja.

Kama unataka darasa kwanza, vyuo vya ufundi viko, lakini hakikisha chuo kimesajiliwa na TVETA. Na usiogope matokeo yako ya KCSE. Kozi ya artisan inakubali hadi E, craft ni D, diploma ni C-. Msee ambaye ameosha AC miaka mingi bila kukaa darasani aulize pia kuhusu RPL, mpango ulio chini ya KNQA wa kutambua ujuzi ambao tayari unao.

Vitu ambavyo karatasi inakulazimisha kujua

Hapa ndipo utaona kwa nini hoteli inasumbua. Kwanza ni stima. Kuzima AC na rimoti si kuzima stima. Unazima kwa breka, unapima na tester, ndio unafungua. Maji na waya wa moto vikikutana, hakuna kurudia mtihani.

Pili ni chumvi. Upepo wa bahari hula yale mapezi membamba ya boksi la nje. Ukiyapiga maji ya presha kubwa yanalala, hewa haipiti, kompresa inajiua polepole. Fundi anaosha na dawa yake na maji ya upole, halafu anasafisha bomba la kutoa maji, maana hilo ndilo huvuja ukutani.

Tatu ni gesi. R22 ya kitambo inaharibu tabaka la ozoni na inaondolewa sokoni chini ya Mkataba wa Montreal wa 1987. R32 ya AC mpya inaweza kushika moto. R290 ni propani, moja ya gesi zilizo kwa mtungi wako wa jikoni. Ukizichanganya ama kuziachilia tu hewani kwa chumba kimefungwa, unacheza na maisha yako na ya mgeni.

Nne, na hii wengi hawajui: mabomba ya hewa yako hapa Pwani, lakini yako jikoni. Ile chimni ya hoteli juu ya majiko hujaa mafuta. Mwali ukiruka ukaingia humo, moto unapanda na bomba hadi juu, na juu ni makuti. Mtu wa Malindi hahitaji kuelezwa makuti yakishika inakuwaje. Hoteli inayojielewa inatafuta mtu wa kusafisha hizo chimni, na ushindani si mkubwa kama kwa AC.

Usimdanganye mteja

Kitu cha mwisho. Usiambie watu kuosha AC kunatibu pumu. Hata EPA, shirika la mazingira la Marekani, linasema haijathibitishwa kwamba kusafisha mabomba ya hewa huzuia magonjwa. Sema ukweli: AC safi inapoza vizuri, hainuki, haivuji, na haikuli stima sana. Hiyo inatosha kukupa kazi.

Kwa hivyo form ni hii: Grade III kwanza, chimni za jikoni pembeni, cheti cha nje baadaye ukishapata kampuni inayokihitaji. Kama kuna msee wako hapo Muyeye anazunguka na ngazi begani, mtumie hii leo, kabla hajatuma dola.