Farasi Kumi na Mmoja na Kahawa Isiyowekewa Dau

Wiki hii naomba ruhusa yenu niyaweke kando mambo ya mashairi na ngoma, niwapeleke kwenye uwanja wa mbio za farasi. Najua wako watakaokunja uso. Kwetu pwani mbio za farasi zimeandamana na kamari kama moshi uandamanavyo na moto, na mzee mwenye heshima zake hapendi kusikiwa akizitaja. Lakini farasi hana kosa. Mwenye kosa ni yule akaaye pembeni na tikiti mfukoni, na huyo nitamfikia.

Mwaka 1996, nami ni kijana sijaoa, jamaa yetu mmoja aliyekuwa akifanya kazi Dubai alikuja likizo Mombasa na kanda ya video. Ndani yake mlikuwa na mbio za usiku wa tarehe 27 Machi mwaka ule, siku liliposhindaniwa kwa mara ya kwanza Kombe la Dunia la Dubai katika uwanja wa Nad Al Sheba. Zawadi yake ilikuwa dola milioni nne za Marekani, na wakati ule hapakuwa na mbio za farasi duniani zilizotoa fedha nyingi zaidi. Jamaa alikuja pia na kijitabu cha mbio hizo, chenye nasaba na habari za kila farasi. Akaapizwa asitamke jina la mshindi.

Tukakutana nyumbani kwa ami yangu, Kibokoni, baada ya sala ya Isha. Ami alikuwa baharia wa majahazi ujanani mwake. Amefika Muscat na Basra, na farasi amewaona kwa macho, si kama sisi tuliozoea punda wa Lamu wanaoshindanishwa wakati wa Maulidi. Farasi wakatolewa, wakazungushwa mbele ya watu chini ya taa kali. Ami akaisimamisha kanda. Akasema, "Haya, kabla hawajakimbia, kila mmoja na anene ni yupi, na kwa sababu gani. Asiye na sababu na anyamaze."

Nahodha mmoja, sahibu yake wa siku nyingi, akacheka akasema, "Basi tuweke kahawa, sheikh. Watakaokosea wawalipie watakaopata."

Ami hakucheka. Alimwita muuza kahawa kutoka njiani, akamlipa vikombe vya watu wote na kashata juu yake. "Kahawa imekwisha kulipwa," akasema. "Humu hamna wa kushinda kikombe wala wa kushindwa. Sasa semeni."

Hapa yafaa nieleze kidogo, maana wengi huchanganya. Mashindano ya farasi yenyewe si haramu, seuze kuyatazama. Imepokewa kwa Ibn Umar kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, aliwashindanisha farasi waliokazwa mwili kutoka Hafya mpaka Thaniyyatul Wadaa, na wasiokazwa akawashindanisha masafa mafupi, kutoka Thaniyya hadi msikiti wa Bani Zurayq, na Ibn Umar mwenyewe alikuwa miongoni mwa walioshindana. Wanazuoni wa Kishafii wamelifafanua sana jambo hili. Zawadi ikitolewa na mtawala, au na mtu asiyeshindana, ni halali. Akiitoa mmoja tu wa washindani, pia ni halali. Wakitoa wote wawili, atakayeshinda achukue cha mwenzake, hiyo imekuwa kamari, isipokuwa aingizwe mshindani wa tatu asiyetoa kitu, tena mwenye uwezo wa kuwashinda. Lakini zote hizo ni hukumu za wale wenye farasi na wenye kupanda. Mtazamaji anayetia shilingi kwa kukisia hana mlango humo hata kidogo. Ndiyo sababu pale Nad Al Sheba hapakuwa na dirisha la kuchezea dau, na hata leo Dubai hupewa watazamaji shindano la kubashiri lisilo na malipo ya kuingilia.

Turudi kwenye kanda. Walikuwa farasi kumi na mmoja, masafa yao mita 2,000, juu ya mchanga. Nami, kwa kuwa nilijua Kiingereza, nikapewa kazi ya kusoma kijitabu.

Aliyetajwa kuliko wote alikuwa Cigar, wa Marekani, dume la miaka sita la rangi ya hudhurungi. Jina lake halikutokana na sigara. Mwenye farasi, Allen Paulson, alikuwa mtu wa ndege, naye aliwaita farasi wake kwa majina ya vituo vya angani ambavyo marubani huvitumia kujua njia. Cigar huyu mwanzoni alikimbizwa zaidi kwenye majani, na majani hayakumpenda. Alikimbizwa mara nyingi akawa si lolote si chochote. Oktoba 1994 mfunzi wake, Bill Mott, akamhamishia kwenye mchanga, naye akashinda kwa urefu wa farasi wanane. Tangu hapo hakushindwa tena. Mwaka 1995 alikimbia mara kumi, akashinda zote kumi. Alipowasili Dubai alikuwa na ushindi kumi na tatu mfululizo. Dosari yake ilikuwa moja: baada ya kushinda Florida mwezi wa Februari aliumia ukwato, akaikosa mbio kubwa ya California mwanzoni mwa Machi. Kisha akapakiwa ndege, akavushwa nusu ya dunia.

Palikuwa na Wamarekani wengine wawili. L'Carriere alikuwa amemaliza wa pili nyuma ya Cigar huko Belmont Park, New York, katika mbio kubwa ya Oktoba 1995. Soul of the Matter, mali ya Burt Bacharach yule mtunzi wa nyimbo, naye alikuwamo katika mbio zile zile, akaja wa nne. Desturi yake huyu ni kukaa nyuma akingoja, kisha kufyatuka mwishoni.

Halafu Halling, farasi wa wenyeji, wa banda la Godolphin la akina Maktoum. Huyu ndiye niliyemchagua mimi, na nusu ya baraza ilikuwa pamoja nami. Sababu zetu hazikuwa za kipuuzi. Mwaka 1995 alishinda mbio mbili za daraja la juu kabisa Uingereza, ile ya Eclipse na ile ya kimataifa ya York. Fauka ya hayo, mchanga wa Nad Al Sheba alikuwa ameukanyaga na kuushinda kabla ya hapo. Hakuhitaji ndege ya kumchosha. Na tuseme kweli, tulitaka kombe la Waarabu lisitoke nyumbani kwa Waarabu.

"Hiyo ya mwisho si sababu," akasema ami. "Hayo ni mapenzi. Zile nyingine nimezisikia."

Mwalimu mmoja wa chuo akamchagua Pentire wa Uingereza, aliyeshindwa kwa shingo tu na Lammtarra katika mbio za King George mwaka 1995, kisha akashinda mbio ya mabingwa kule Ireland. Farasi mzuri, hapana shaka, ila ushindi wake wote ulikuwa wa majani. Danewin wa Australia na Lively Mount wa Japani hawakupata mtetezi, na waliobaki tuliwapita kama wapitavyo abiria kituo wasichoshukia. Nahodha, kwa ubishi wake, akamchukua Soul of the Matter. Akasema chombo kinachotweka tanga mwisho ndicho kinachoingia bandarini na upepo mbichi.

Ami akamchagua Cigar. Tukamwambia hiyo si hodari, kila mtu anamjua Cigar. Akajibu kwamba yeye hakuombwa kuwa hodari, ameombwa sababu. Akaanza kwa kunihoji mimi juu ya Halling. "Huyo wako alipokwenda Marekani Oktoba iliyopita akakutana na Cigar kwenye mchanga, alikuwa wa ngapi?" Nikatazama kijitabu. Alikuwa wa mwisho. "Na hao aliowashinda hapa Dubai juu ya mchanga, walikuwa nani?" Nikatazama tena. Walikuwa farasi wa kawaida, katika mbio ambazo walio bora hutwishwa uzito zaidi ili wote walingane. "Basi mchanga hakuushinda. Aliwashinda wale."

Maneno yale yamenikaa mpaka leo, na ndiyo maana naandika. Watu wengi hutazama mshindi alishinda wapi na mara ngapi. Wachache huuliza alimshinda nani. Nyasi huviringika chini ya ukwato, farasi akateleza juu yake kama ngalawa. Mchanga humrudishia aliye nyuma vumbi na chembe usoni mwake, na mwenye moyo mwembamba huinua kichwa akakata tamaa. Si kila bingwa wa huku ni bingwa wa kule.

Kuhusu ukwato wa Cigar na safari yake, ami alikiri kwamba hapo palikuwa na hatari. Lakini akatueleza habari ya kukaza mwili, ile ambayo Waarabu huiita tadhmiri: farasi hulishwa mpaka akanawiri, kisha hupunguziwa chakula kidogo kidogo, akafunikwa nguo bandani atoke jasho, nyama ikakauka ikakaza. "Farasi aliyekazwa hivyo miaka miwili," akasema, "hapotezi yote kwa wiki chache. Atapoteza ncha. Swali ni je, hao wengine watafika kwenye hiyo ncha?" Akasema pia kwamba akishindwa Cigar, atashindwa na yule wa nahodha, si na mwingine. Nahodha akajituna.

Kanda ikafunguliwa. Cigar, juu yake Jerry Bailey, alikaa karibu na walio mbele bila ya haraka. Walipokata kona kuingia kwenye mnyoosho, akachukua uongozi. Halling wangu wakati huo alikuwa amekwisha, na sikuwa na la kusema. Mara akatokea Soul of the Matter upande wa nje, akipandwa na Gary Stevens, akija kwa shoti la mtu mwenye deni. Akamfikia Cigar, wakalingana. Nahodha alikuwa amesimama, kikombe kimemwagika kwenye mkeka. Kwa hatua chache mimi niliona Cigar amepitwa, na mpaka leo niirejeapo picha ile akilini naona amepitwa. Kisha akanyoosha shingo, akaongeza kitu ambacho farasi mwenye ukwato mgonjwa hakupasa kuwa nacho, akamaliza mbele kwa nusu ya urefu wake. L'Carriere akaja wa tatu. Wamarekani watatu, wa kwanza, wa pili na wa tatu, na wenyeji mikono mitupu.

Nilinung'unika kwamba Waarabu wamenyang'anywa. Ami akaniambia nikifungue kijitabu kwenye ukurasa wa nasaba ya Cigar, nisome baba wa baba. Baba yake Palace Music, babu yake The Minstrel, na baba wa huyo Northern Dancer. Kijitabu kiliishia hapo. Lakini ukiendelea kupanda ngazi hiyo utafika kwa Eclipse, aliyezaliwa Uingereza mwaka 1764 na ambaye hakushindwa hata mara moja, na kutoka kwake utafika kwa farasi mmoja aliyenunuliwa Sham, katika mji wa Halab, na mfanyabiashara Mwingereza Thomas Darley, akapelekwa Yorkshire mwaka 1704. Farasi wote wa nasaba wakimbiao leo, Ngong Road, Nairobi, wakiwamo, hurejea kwa upande wa baba kwa madume watatu tu waliotoka Mashariki, na walio wengi kupita kiasi ni wa huyo wa Halab. Akina Maktoum hawakuchagua bure majina ya Darley na Godolphin kwa mabanda yao. Kwa hiyo usiku ule aliyeshinda alikuwa mjukuu wa Halab, naye Halling vile vile. Ilikuwa ni ndugu wawili, mmoja kalelewa ugenini.

Na wenyeji hawakukaa sana bila kombe. Mwaka 1997 mvua kubwa iliahirisha mbio kwa siku kadhaa, na zilipokimbiwa, Aprili 3, alishinda Singspiel wa Sheikh Mohammed. Mwaka 2000 Godolphin wakamtoa Dubai Millennium, aliyewaacha wenzake kwa namna ambayo hata nahodha asingebishana. Halling mwenyewe, aliporudi kwenye majani kiangazi kile cha 1996, alishinda tena Eclipse na tena York. Farasi hakuwa na ila. Aliyekuwa na ila ni mimi niliyemchagulia ardhi isiyo yake.

Cigar aliongeza ushindi mara mbili, ukatimia kumi na sita mfululizo, ndipo akafungwa Agosti 1996 na farasi aitwaye Dare and Go, kule Del Mar, California. Alipostaafu ikaonekana kwamba hazai. Hakuacha hata mwana mmoja, na alikufa Kentucky mwezi wa Oktoba 2014.

Ami alikuwa ametangulia mbele ya haki kabla ya habari ile kufika. Nahodha ndiye aliyeisoma gazetini akaniletea barazani, mzee sasa, mkono watetemeka. Siku hizi vijana hapo hapo nje ya nyumba ya ami huinamia simu zao wakitia dau la mipira ya Ulaya, na wakikosa hulaumu golikipa. Nahodha aliwatazama kitambo, akamwita muuza kahawa, akalipa vikombe vitatu, akaniuliza kama kile kijitabu bado ninacho.