Bima si ya wazee tu, mshikaji!

Jamani vijana wa Tukuyu, tuambiane ukweli. Ukitaja bima ya afya kijiweni, unatazamwa kama umetaja pensheni. "Mimi mzima, ya nini?" Haya, ngoja niwape mchapo.

Serikali ilipoanza kuchangisha wagonjwa mwaka 1993, wenye kipato kidogo walibanwa. Ndipo Mfuko wa Afya ya Jamii, CHF, ukajaribiwa Igunga mwaka 1996, na mwaka 2001 ukapata sheria yake. Utamu wake? Kaya ilipochanga, Serikali iliongeza kiasi hicho hicho. Wenyewe waliita "tele kwa tele". Ulipoboreshwa mwaka 2018, kaya ya watu sita ilichanga Sh. 30,000 kwa mwaka. Gawanya mwenyewe: buku tano kwa kichwa!

Sasa ulikwama wapi? Kujiunga kulikuwa hiari. Wazima wakakaa pembeni, wagonjwa wakaingia. Ni kama upatu ambao kila mtu anataka kupokea wa kwanza. Nani atatoa?

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 ikasema kila mkaazi awe na bima. Kwa wasio na uwezo ikataja vyanzo: ushuru wa soda, pombe na vipodozi, hata kodi ya michezo ya kubahatisha. Umeona? Wewe unayebeti kila Jumamosi nawe umo, kwa ajili ya bibi asiyejiweza kule Kiwira.

Kwa hiyo ndizi zikilipa sokoni, bima kwanza, bia baadaye. Baridi ya Tukuyu haiulizi umri, ati!