Kuhamisha Matini kutoka Mfumo Mmoja wa Kompyuta hadi Mwingine: Suala la ng'

1. Utangulizi

Ofisi inapobadilisha kompyuta, mazungumzo huelekea kwanza kwenye bei, kasi na ukubwa wa diski. Matini yenyewe hudhaniwa kuwa mzigo mwepesi: faili zinanakiliwa, zinafunguliwa katika mashine mpya, na kazi imekwisha. Kwa mtafiti wa lugha dhana hiyo ni ya hatari. Kompyuta haihifadhi herufi bali nambari, na kila mfumo una jedwali lake linaloamua ni herufi gani inayowakilishwa na nambari fulani. Makala haya yanaeleza jinsi majedwali hayo yanavyotofautiana, na kwa nini Kiswahili, ambacho huonekana kuwa salama kabisa, kina mahali pamoja ambapo hujeruhiwa bila mtu kutambua.

Suala hili si geni, lakini limepata uzito mpya. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilikomesha msaada wa kawaida kwa mfumo wa Windows 10. Mfumo uliofuata, Windows 11, unadai vifaa ambavyo kompyuta nyingi za zamani hazina, ijapokuwa bado ni nzima. Mwenye kompyuta ya namna hiyo anaweza kununua mpya, kuhamia Macintosh, au kuweka Linux, mfumo ulioanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991 na ambao hupatikana bila malipo. Njia mbili za mwisho ni kuhama mfumo kwa maana kamili.

2. Asili ya tofauti

Jedwali la msingi la herufi za kompyuta, liitwalo ASCII, lilitolewa Marekani mwaka 1963. Lina nafasi 128, kuanzia 0 hadi 127, na liliundwa kwa mahitaji ya Kiingereza. Kwa kuwa Kiswahili sanifu hakina herufi zenye alama juu yake, kiliingia katika jedwali hilo bila shida. Hata ritifaa iliyonyooka ina nafasi yake, nambari 39. Kifaransa hakikuwa na bahati hiyo: é, è na ç hazimo.

Makampuni yalijaza nafasi za 128 hadi 255 kila moja kwa namna yake. Katika Macintosh, iliyotoka Januari 1984, é ilipewa nambari 142. Katika Windows ilipewa 233. Kwa sababu hiyo neno université lililoandikwa katika Windows, likisomwa kwa jedwali la zamani la Macintosh, huonekana universitÈ. Kosa la namna hii humshtua msomaji mara moja, na hilo ndilo jema lake: linaloonekana hurekebishwa.

Tofauti nyingine ni alama ya mwisho wa mstari. Macintosh ya zamani ilitumia nambari 13, Linux hutumia 10, na Windows hutumia zote mbili kwa pamoja, 13 na 10. Ndiyo maana shairi lenye beti nyingi liliweza kufunguka upande wa pili likiwa mstari mmoja mrefu usio na mwisho.

3. Ritifaa mbili, sura nyingi

Katika Kiswahili tatizo limejificha katika ritifaa ya ng'. Mwandishi hubonyeza ritifaa iliyonyooka, ambayo katika kibodi ya Kifaransa iko kwenye kitufe cha 4, lakini programu nyingi za kuandikia huigeuza zenyewe kuwa ritifaa iliyopinda ili ukurasa upendeze. Ritifaa iliyopinda haimo katika ASCII. Macintosh iliipa nambari 213, na Windows nambari 146. Neno ng’ombe likitoka Macintosh na kusomwa kwa jedwali la Windows huwa ngÕombe; likitoka Windows na kusomwa kwa jedwali la zamani la Macintosh huwa ngíombe.

Unicode, ambayo toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 1991, ilikusudia kumaliza vurugu hiyo kwa kuipa kila alama ya lugha zote nambari moja tu. Linux na Macintosh za leo huifuata, kwa kawaida kupitia mtindo wa UTF-8. Hata hivyo faili za zamani hazikujibadilisha zenyewe. Nambari 146 ikisimama peke yake haina maana katika UTF-8, hivyo programu huweka alama ya kutojua: ng�ombe. Faili ikihifadhiwa katika hali hiyo, nambari ya asili imepotea moja kwa moja. Kinyume chake, matini ya UTF-8 ikisomwa kwa jedwali la Windows huonekana ng’ombe.

4. Hasara kwa utafiti

Mtu anaweza kusema kwamba msomaji mwerevu ataelewa tu. Ni kweli kwa barua, si kweli kwa hazina ya matini inayochambuliwa na programu. Programu nyingi huhesabu kama neno mfululizo wowote wa herufi, na alama isiyo herufi huwa mpaka. Msimulizi aliyesema «ng'oa mhogo» hurekodiwa kama «ng» na «oa», na kitenzi cha ndoa huongezeka katika takwimu pale palipokuwa na kazi ya shamba. Na ritifaa ikidondoka kabisa, ng'oa huwa ngoa, yaani wivu au tamaa.

Kwa Kongo hasara ni kubwa zaidi. Katika maandishi mengi ya nchini neno ng'ombe huandikwa ngombe, bila ritifaa, na umbo hilo ni ushahidi kwa anayechunguza tofauti za lahaja. Mtafiti anayekuta ngombe katika faili iliyohamishwa mara tatu hawezi tena kujua kama ritifaa haikuwapo tangu mwanzo au iliondolewa na mashine. Kama mkanda wa sauti umeharibika na msimulizi amefariki, hakuna wa kumwuliza.

5. Namna ya kuhama kwa usalama

Kwanza, nakala ya asili isiguswe. Kila ugeuzaji ufanywe juu ya nakala ya pili. Pili, jedwali la herufi la faili ya zamani litambuliwe kabla ya kuihifadhi upya, kisha matini igeuzwe kuwa UTF-8. Tatu, iandaliwe orodha fupi ya majaribio: ng'ombe, ng'oa, ng'ambo, é, è, ç. Maneno yenye ng' yahesabiwe katika mashine ya zamani na katika mpya. Hesabu zikitofautiana, kazi isimame. Nne, ichaguliwe ritifaa moja kwa hazina nzima na uamuzi huo uandikwe. Tano, matini zenye alama za kifonetiki zikaguliwe peke yake, kwa kuwa katika fonti nyingi za miaka ya 1990 ŋ ilichorwa mahali pa herufi nyingine, na fonti ikikosekana herufi hiyo ndiyo hujitokeza. Mwisho, mashine ya zamani isitolewe mpaka ukaguzi umalizike.

6. Hitimisho

Ukiona ngÕombe, usikate tamaa: kosa lenye utaratibu hurudishwa kwa utaratibu, maadamu nakala ya asili ipo. Kisichorudishwa ni kile kilichohifadhiwa upya kwa haraka na mtu aliyedhani kwamba ritifaa ni pambo. Katika Kiswahili ritifaa hiyo ni sehemu ya konsonanti, na anayehama mfumo ana wajibu wa kuhama nayo.