Balbu Mpya ya Tochi: Angalia Volti na Joto

Waweza kutoa balbu ya zamani ya tochi yako ukaweka ya LED. Hii hula betri kidogo. Lakini usinunue ovyo, isije ikakuzimikia njiani usiku.

Kwanza, hesabu betri. Betri kavu moja ina volti 1.5. Mbili zikifuatana ni volti 3, tatu ni 4.5. Soma maandishi ya balbu. Volti zikizidi, balbu huungua. Zikipungua, haiwaki vizuri. Kitako nacho kilingane na cha ile ya zamani.

Pili, joto. Balbu ya zamani hutoa joto mbele pamoja na mwanga. Joto la LED hubaki kwenye kitako. Lisipopata pa kutokea, mwanga hufifia na balbu hufa mapema. Chuma hupitisha joto, plastiki hulizuia. Kwa hiyo balbu ya wati 3 iwekwe kwenye tochi ya chuma. Ya plastiki itiwe ndogo, kama nusu wati.

Je, utajuaje? Tochi ya chuma, iguse kichwa: ikiwa haishikiki, izime. Ya plastiki hudanganya, kwani nje huwa baridi na ndani kunaungua. Betri ni mpya, lakini mwanga unafifia baada ya dakika chache? Zima, tafuta balbu ndogo zaidi.