Hiyo Echo Itakuchoma Picha

Jumamosi, keja ya beshte yangu, mbogi imejaa hadi juu ya kitanda. Akapiga snare moja, akaitupa kwa echo. Raundi ya kwanza, fiti. Ya pili, tamu. Ya kumi? Kitu inanguruma ka nganya imekwama Outering. Keteka akagonga mlango: "Hiyo redio imeharibika!"

Redio, maze. Redio! Wazee wa plot hawa, noma.

Shida ilikuwa namba moja tu: 1.1.

Skiza. Kwa Pure Data, ile programu yake ya kuunganisha maboksi ya sauti kwa waya, ukirudisha waya ya mwisho direct hadi boksi ya kwanza, inakuambia "DSP loop detected" na kunyamaza. Iko na sababu. Inapika sauti kwa visahani vya sampuli 64, na kila boksi lazima ipate ndio itoe. Ukifunga duara, nani ataanza? So unapitia delwrite~ mtaa 1000, inaandika sauti kwa memori, na delread~ mtaa 375, inaisoma baadaye. Waya hakuna kati yao, jina "mtaa" tu, na hizo namba ni milisekunde. Duara hiyo haiwezi kuwa fupi kuliko kisahani kimoja: kama milisekunde 1.45 ukiwa kwa sampuli 44,100 kila sekunde.

Sasa, sauti ikitoka kwa delread~ kurudi delwrite~, ipitishe kwa *~ 0.6, boksi ya kuzidisha. Hapo ndio utamu. Raundi moja 0.6, ya pili 0.36, ya tatu 0.216, inaishia polepole ka mathree ikishika Jogoo Road. Weka 1, haiishi. Weka 1.1, raundi ya kumi imepita mara mbili na nusu, spika inalia, keteka huyo mlangoni.

Ongeza lop~ 2500, chujio ya kukata sauti za juu, ndani ya duara. Ndani, buda! Ukiiweka nje inachuja mara moja tu. Ndani inachuja kila raundi, echo inazidi kuingia giza, dub ile ya King Tubby wa Kingston. Na huyo alianza kwa kutengeneza redio.

Na kuna wasee wanachoma doh ya rent kwa plugin za echo. Aibu. Pure Data ni bure, tangu Miller Puckette aiunde miaka ya 1990.

Jumapili tukaweka 0.6. Snare ikatembea mara tano, ikapotea mbali. Keteka akapita na ndoo, akasimama kidogo.

"Redio imepona," akasema.