Goma na Rumangabo: alama mbili, barabara moja

Anayefika Goma, mkoani Kivu Kaskazini, haachi kuonyeshwa sanamu ya rangi ya dhahabu ya mwanaume na chukudu yake, chombo cha mbao chenye magurudumu mawili. Ni heshima kwa wanaoteremsha viazi, kabichi na makala kutoka vijijini hadi sokoni.

Karibu kilomita 50 kaskazini, wilayani Rutshuru, Rumangabo ina alama nyingine. Hapo ndipo makao makuu ya Hifadhi ya Virunga, iliyoundwa mwaka 1925, na kituo cha Senkwekwe kinacholea sokwe wa milimani waliobaki yatima. Senkwekwe ni jina la sokwe dume aliyepigwa risasi Julai 2007. Ndakasi na Ndeze, waliopoteza mama zao mwaka huo, walilelewa na walinzi. Ndakasi alikufa Septemba 2021.

Alama hizo zinakutana kwenye gunia la makala. Mauaji ya 2007 yalihusishwa na biashara ya makala yanayochomwa ndani ya hifadhi, na Goma hupikia makala. Mwenye chukudu hakuua sokwe: anatafutia watoto chakula, na mama nyumbani anahitaji moto.

Umeme wa Matebe, uliozinduliwa Rutshuru mwishoni mwa 2015, umefika hadi Goma. Lakini taa peke yake hailindi msitu. Mpaka jiko la umeme liwe rahisi kuliko gunia, sifa ya Goma itaendelea kulipwa na miti ya Rumangabo.