Friji Imegoma: Itengenezwe au Inunuliwe Nyingine?

Friji ikiacha kugandisha, swali la kwanza nyumbani huwa ni hili: ina miaka mingapi? Fundi anayejua kazi huuliza jingine: kilichoharibika ni nini? Friji ya miaka 15 iliyokufa rilei ni ya kutengenezwa. Ya miaka mitatu inayovuja gesi ndani ya ukuta wake huenda imeshafika mwisho.

Anza na vitu vya bei ndogo. Bana karatasi kwenye mlango, funga, kisha vuta. Ikiteleza bila kukaza, mpira wa mlango umelegea na kompresa inapumzika kwa nadra. Ukisikia mlio wa "tik" nyuma kila baada ya muda na kompresa haiwaki, usikimbilie kuizika. Mara nyingi ni rilei inayoiwasha, kifaa kidogo kinachobadilishwa kwa muda mfupi. Kompresa ipimwe kwa mita kwanza ndipo hukumu itolewe.

Pesa nyingi hupotelea kwenye gesi. Utaambiwa "imeisha gesi, tuongeze," kana kwamba gesi huliwa kama mafuta ya gari. Hailiwi. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa kabisa, na ikipungua maana yake kuna tundu. Kuongeza bila kuziba tundu ni kununua ubaridi wa wiki chache. Kwa hiyo muulize fundi: panavuja wapi? Kama ni kwenye bomba la shaba nyuma ya friji, panachomelewa na kazi inaisha. Kama ni bomba lililozikwa kwenye povu la ukutani, hapo mimi ningeacha kutoa pesa. Na wanaobandua barafu kwa kisu wajue kwamba sehemu nyingi za kugandishia ni za alumini nyembamba. Kisu kikiteleza mara moja tu kinatosha.

Friji nyingi za sasa zinatumia R600a, gesi inayoshika moto, na ujazo wake huwa gramu chache tu. Fundi asiye na mizani anakisia, na anayewasha moto wa kuchomelea kabla ya kuitoa gesi kwenye mabomba anahatarisha nyumba.

Je, umeme? Wauzaji hupenda kusema friji mpya itajilipa yenyewe. Pima kwanza. Usiku zima vyote isipokuwa friji, andika uniti zilizobaki kwenye LUKU, asubuhi soma tena. Mchana matumizi yatapanda, kwa sababu ya joto na watoto wa kufungua-fungua mlango. Tuseme ya zamani inakula uniti moja na nusu kwa siku zaidi ya mpya, na uniti ni Sh 350: ni kama Sh 190,000 kwa mwaka. Kwa friji ya Sh 700,000, utasubiri zaidi ya miaka mitatu na nusu kurudisha pesa yako. Huenda mpira mpya wa mlango ukapunguza sehemu ya tofauti hiyo kwa gharama ndogo sana.

Kompresa ikiwa imekufa kweli, na friji ni ya zamani, linganisha bei: kompresa, gesi, chujio na ufundi. Jumla ikikaribia nusu ya bei ya mpya, nunua. Ununue na kifaa cha kuilinda dhidi ya umeme unaokatika na kurudi, kile kinachosubiri dakika chache kabla ya kuiwasha. Kompresa ikilazimishwa kuanza kabla presha haijashuka, inachoka mapema.

Ukiamua mtumba, soma kibao cha nyuma. Kikisema R12, iache: ni gesi inayoharibu tabaka la ozoni, na chini ya Mkataba wa Montreal nchi zinazoendelea zilitakiwa kuiondoa ifikapo 2010. Ukisoma volti 100, imetoka Japani. Ongeza bei ya transfoma kwenye hesabu yako.